Kitambaa cha Koki ya Pili

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu mwenyewe, yule tunayemwita Chiriku kwa vile mdomo wake haujatulia tangu utotoni. Alikuja kunikanda mguu mwezi uliopita. Alianza kunisimulia mchana, akanyamaza, akaanza tena jioni, na mengine ilibidi niyatoe taratibu kama mtu anayetoa mwiba. Palipobaki pengo amenijazia mama yake, ambaye ni mwanangu wa kumzaa.

Watu hawa wanatengeneza bia. Si kiwanda cha mageti na ving'ora. Ni ghala la matofali alilolinunua marehemu baba yake Chiriku lilipokuwa la maseremala, akaingiza matangi yake, akatoboa ukuta. Mbele kuna ukumbi wenye kaunta na koki zilizopangwa safu moja. Nyuma ya ukuta ni chumba cha baridi, ndimo yanamokaa mapipa, na kila pipa lina mpira wake unaopita ukutani mpaka kwenye koki yake. Pembeni kuna stoo ya kimea. Juu ndiko wanakolala.

Alipofariki mzee, Mama alishika funguo. Kaka yake Chiriku akawa anatafuta wateja, Chiriku akawa wa kaunta. Wa kupika bia hawakuwa naye, ndipo akaajiriwa kijana mmoja mpole, mrefu, anayeinama kila mlango hata usiomgusa. Wakamwita Fundi na hilo ndilo likawa jina.

Mapenzi yao yalianzia kwenye mvuke. Fundi akiwa anakoroga sufuria kubwa, Chiriku alikuwa na kawaida ya kupita na glasi zisizohitaji kuoshwa. Fundi anainua macho, mvuke unamficha, mvuke unapungua, macho bado yako palepale. Msichana akirudi kaunta anakuta amesahau alikuwa anakwenda wapi. Ikawa hivyo mpaka Mama akaanza kukohoa kila akipita baina yao.

Mama hakukataa. Aliyekataa ni Kaka. Alisema huyu kijana haposi msichana, anaposa mitambo. Tena alimwona wiki ileile barabarani, amesimama na bwana mmoja wa kampuni nyingine ya bia, wanaongea vichwa vimekaribiana, na alipoulizwa alikuwa wapi, Fundi akasema amekwenda kununua nati. Nati zenyewe hazikuonekana. Chiriku aliyasikia hayo akacheka mbele ya kaka yake, lakini usiku yalimkaa kifuani.

Basi ikapangwa siku. Shangazi yake Fundi, ndiye aliyemlea, aje kusema neno la posa. Na wa kulipokea neno ni Baba Mkubwa, kaka wa marehemu. Huyu Baba Mkubwa ni mtu mzito. Baada ya mazishi alimwambia Mama waziwazi kwamba mitambo si mchezo wa mjane na watoto, na siku mtu atakapoumia ndani ya ghala lile kwa uzembe, atakuja na kufuli lake mwenyewe. Mama hakulisahau lile kufuli.

Sasa nieleze kitu kimoja cha kazi yao, maana bila hicho hamtaelewa. Bia ya bomba huharibiwa na mpira mchafu. Pipa likiisha, kabla ya kufunga jingine, mpira unajazwa dawa, soda kali kabisa inayokula uchafu na inayoweza kula koo la mtu vilevile. Dawa inakaa humo kwanza. Kisha mpira unasuuzwa kwa maji mengi, na yanayotoka yanapimwa kwa karatasi ndogo inayobadilika rangi kama bado kuna soda. Marehemu aliweka sharti: anayetia dawa afunge kitambaa chekundu kwenye mkono wa koki, alama kwamba isimiminwe, na aliyekifunga ndiye atakayekifungua, si mwingine hata kama ni mwenye nyumba. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo ni wawili tu, Fundi na Chiriku.

Siku ya posa pipa la koki ya pili liliisha asubuhi. Chiriku alimwambia Fundi aache mpaka kesho, wageni wanakuja. Fundi akasema mpira haujui kama kuna posa, ukilala mchafu utaamka mchafu zaidi. Akatia dawa, akafunga kitambaa, akaenda kuoga na kuvaa shati jeupe. Akarudi nyuma na shati lake jeupe kuchota maji ya kusuuzia.

Wageni wakaingia. Shangazi mtu alikuwa mama mfupi, mchangamfu, aliyeshika pochi yake kwa mikono miwili kama anayeogopa itamtoroka. Baba Mkubwa alikaa kwenye kiti cha marehemu. Mama alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, ameweka maua kaunta, kila kitu kinang'aa. Kaka akaambiwa amletee Baba Mkubwa kinywaji. Akachukua kikombe cha udongo cha marehemu, kile kizito, akaenda kwenye koki, akamimina macho yakiwa kwa wageni.

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema kwamba wamekuja kuomba ua lililoota katika bustani hii. Baba Mkubwa akainua kikombe. Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, Fundi akaingia na ndoo ya maji.

Chiriku ananiambia hakuwahi kumwona akikimbilia kitu. Siku hiyo aliruka meza. Alikipiga kikombe kwa kiganja, kikaruka kikavunjika ukutani, kilichokuwamo kikammwagikia Baba Mkubwa mapajani. Kabla mzee hajapata pumzi ya kuuliza, Fundi akammwagia ndoo nzima.

Maji yakawa yanadondoka tu kutoka kwenye suruali ya mzee.

Fundi, naye mkono wake ukiwa umelowa ile soda, alimwomba Baba Mkubwa akavue suruali haraka ajisuuze tena, akaenda kuweka mkono wake chini ya bomba la maji. Alisema ile siyo bia, ni dawa ya mipira. Hakuna aliyebisha, maana suruali nyeusi ya mzee ilikuwa imeanza kupauka.

Kaka ndiye aliyepata sauti kwanza. Aliuliza kitu ambacho kila mtu alikuwa anakifikiria.

"Kikombe kile ni cha udongo. Ndani hapaonekani. Wewe umetoka nyuma, ulijuaje kilichomo?"

"Nimekuona kwa upenyo wa mlango ukiachia koki ya pili. Dawa nimeitia mimi."

"Umetia dawa siku ya wageni, hukuweka alama."

"Alama niliweka."

"Iko wapi?"

Wote wakageuka kutazama kaunta. Koki ya pili ilikuwa tupu, inameta kama nyingine. Fundi aliitazama. Kisha akamtazama Chiriku, mtazamo mrefu, usio wa kwenye mvuke. Kisha akatazama chini, na hakusema neno tena. Kaka akamuuliza mara ya pili, akamuuliza kama yule bwana wa barabarani ndiye aliyemtuma aje kuwaharibia jina. Fundi aliendelea kusuuza mkono wake kama vile aliyeulizwa ni mtu mwingine.

Baba Mkubwa, akiwa amevalishwa suruali ya marehemu iliyombana, alisema posa isimame hapohapo. Hakuna neno litakalopokelewa mpaka ijulikane ni uzembe au ni ubaya, na kama ni uzembe ni wa nani, kwa sababu yeye na Mama wanajua alichokisema juu ya kufuli. Shangazi aliikumbatia pochi yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto aliyemlea hana mkono mbaya.

Fundi alijikausha, akapita katikati yao, akaenda stoo ya kimea.

Chiriku alimfuata. Lakini hakumfuata kama mpenzi, amenikiri mwenyewe. Alimfuata kama askari. Njiani kichwa chake kilikuwa kinapanga: nati ambazo hazikununuliwa, yule bwana wa kampuni nyingine, dawa kutiwa siku ileile, na ule ukimya. Mtu asiye na lake anajitetea. Kwa nini huyu hajitetei?

Alimkuta amekaa juu ya magunia, mkono wake mwekundu ameuweka juu ya goti. Harufu ya kimea ilikuwa nzito humo, tamu, ile ambayo huwa inamkumbusha yeye. Siku hiyo ilimchefua.

"Yule bwana wa barabarani alitaka nini?"

"Hamira ya marehemu, ile inayoipa bia yenu ladha yake. Alitaka nimchotee kidogo kwenye chupa, yeye ataikuza. Nikakataa."

"Na nati?"

"Nati zilikuwa uongo. Sikutaka kaka yako ajue kuna watu wanaitaka hamira. Angeanza kunihesabu kila ninapofungua tangi."

"Kwa hiyo uliona bora unidanganye."

"Nilimdanganya kaka yako. Wewe hukuniuliza."

Kweli hakumuuliza. Alicheka, akalala nalo. Lakini mtu aliyepandwa na hasira hataki kukumbushwa hayo. Alimwambia kama ana moyo safi angesema pale mbele ya wazee. Angeapa. Angepiga kelele. Yeye kaachia watu wamtazame kama mwuaji, na yeye Chiriku amwamini kwa lipi?

Fundi akainua macho. "Kitambaa nilikifunga mwenyewe. Mafundo mawili. Katika nyumba hii anayegusa kitambaa ni mimi au wewe. Mimi sikukifungua."

Chiriku hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa.

"Unafikiri ni mimi?"

"Nilifikiri umesahau. Una wageni, una moyo juu, umepanga maua, mkono umekwenda wenyewe. Kama ningesema pale, baba yako mkubwa angesema binti ndiye mzembe, angefunga ghala. Nikaona wacha iwe mimi."

"Sikukifungua."

"Basi sawa."

"Usiniambie basi sawa. Umenitazama mbele ya watu, ukaniona mimi ndiye niliyetaka kumchoma koo baba yangu mkubwa."

"Chiriku," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa, "mimi nilikudhania msahaulifu. Wewe ulinidhania nini?"

Alitaka kumshika ule mkono mwekundu, akaona hana ruhusa. Akatoka.

Sasa kama si yeye na si Fundi, ni nani? Alipita jikoni akiwatazama watu wa nyumba yake mmoja mmoja kama wezi. Alimwona Kaka amesimama dirishani anang'ata kucha. Ni yeye aliyemimina. Anachukia posa hii. Angeweza kukifungua kitambaa, akamimina, halafu akauliza maswali yale kwa ukali? Alimtazama kaka yake mgongoni mpaka yule akageuka akamuuliza ana nini. Akasema hana kitu. Hata hewa ya nyumba, anasema, ilikuwa kama imeoza.

Akasikia maji uani. Akachungulia.

Mama alikuwa amechutama mbele ya beseni anafua. Wageni wako ukumbini, posa imesimama, shemeji yake amekaa na suruali isiyo yake, na yeye anafua. Alikuwa anafikicha kitu kimoja tu, anakifikicha na kukifikicha, na povu limejaa mpaka viwikoni. Povu lilipopasuka Chiriku aliona wekundu.

Alichutama upande wa pili wa beseni. Mama akaacha kufikicha.

"Kilikuwa kichafu," Mama alisema. "Kina madoa ya miaka. Shangazi mtu anaingia, anaona tambara limening'inia kwenye kaunta, atasema tunaishije. Nikasema nitakifua, nitamwambia kaka yako asiguse ile koki. Nikageuka nimwambie, wakabisha hodi."

"Sharti unalijua, Mama."

"Ninalijua. Nilikuwapo baba yako alipolisema."

"Na mbona hukusema pale?"

Mama aliyatazama maji. Alisema alifungua mdomo. Alimwona shemeji yake amelowa, akaona kufuli. Akaona matangi yamefungwa, Kaka anatafuta kazi kwa watu, Chiriku anahudumia kaunta ya mtu mwingine. Akasema moyoni, wacha kwanza hasira ipite. Halafu Fundi akanyamaza, na kunyamaza kwake kukamrahisishia. Alisema hilo la mwisho kwa aibu kubwa.

Chiriku angeweza kulia, angeweza kugomba. Alikuwa na haki. Anasema alichokiona mbele yake ni mama yake na viwiko vya povu, na nyuma yake mtu aliyekaa juu ya magunia, na kwamba akimwokoa huyu anamzamisha yule. Akamwambia mama yake ukweli huo huo.

"Mimi sitakusemea. Ukinyamaza, nitanyamaza. Lakini yeye ataondoka kesho na shangazi yake, na mimi sitamwambia abaki."

Kisha akamkamulia kile kitambaa, akakianika, akamwacha.

Mwanangu huyu ni mwoga wa maneno tangu mdogo. Akivunja sahani alikuwa anaificha chini ya kitanda, anakwenda kulala juu yake. Kwa hiyo najua iligharimu nini alipoingia ukumbini na mikono yake yenye maji, akasimama mbele ya shemeji yake, akasema kitambaa amekifungua yeye. Alieleza yote, na beseni, na hodi. Alimaliza kwa kusema kama ni kufuli, lije, lakini lisiitwe kwa jina la yule kijana.

Baba Mkubwa alimwita Fundi kutoka stoo, akamwambia asimame pale anapomwona. Akamuuliza kwa nini alikubali kubeba mzigo usio wake. Fundi akasema alidhani anajua ni wa nani. Mzee akamtazama Chiriku, akamtazama Fundi, akaivuta ile suruali iliyombana kiunoni.

"Shemeji," alimwambia Mama, "nilisema nitafunga siku mtu akiungua hapa kwa uzembe. Mimi sijaungua. Nimelowa. Kufuli la mtu aliyelowa sina. Lakini ukigusa tena kile kitambaa, hata kikinuka, nitasahau kwamba sikuungua."

Mama alikaa chini, akauficha uso wake kwenye mtandio. Shangazi akapata nguvu, akafungua mdomo amalizie lile neno lake la ua na bustani. Baba Mkubwa akamkatiza.

"Na wewe, mama. Mmekuja kuposa mkanimwagia ndoo. Hilo neno sitalisikia nikiwa kwenye suruali ya marehemu. Rudini siku nikiwa mkavu, nami nitakuwa na jibu zuri."

Shangazi alicheka mpaka pochi ikamtoka mikononi.

Kaka yeye, Fundi alipomweleza habari ya yule bwana wa barabarani, alisema tu kwamba hamira atakuwa anaifunga mwenyewe kuanzia sasa. Fundi akajibu ni sawa, hata yeye alikuwa anataka kushauri hivyo. Wakatazamana kama majogoo wawili waliotenganishwa na wavu. Kaka akaenda kulala bila kula.

Mpira ulikuwa bado na dawa. Kazi haingoji watu wapatane. Fundi akaingia chumba cha baridi kusukuma maji, Chiriku akasimama kwenye koki na ndoo. Walifanya kazi bila kuongea, Fundi anapiga ukuta, Chiriku anafungua, anapiga tena, Chiriku anafunga, mpaka maji yakatoka meupe. Chiriku alitia karatasi. Haikubadilika. Akatia ya pili, maana siku ile hakuwa akiamini hata macho yake. Fundi akafunga pipa jipya. Chiriku akamimina glasi, akaitupa, akamimina nyingine, povu likapanda vizuri, akampelekea.

Fundi aliipokea. Akatoa karatasi mfukoni, akaichovya mbele yake, akaisogeza kwenye taa.

"Bado huniamini."

"Nakuamini wewe. Mpira siuamini." Akaitazama ile karatasi mpaka akaridhika, akanywa, akafuta povu. "Na wewe?"

Ndipo akamshika ule mkono mwekundu, polepole, pale pasipouma. Alimwambia atakuwa anamuuliza. Kila atakachokisikia barabarani, atakuja kumuuliza kabla hajalala nacho. Fundi akasema na yeye atamuuliza kabla hajambebea mzigo. Hawakuambiana mengine. Mama alikohoa kwenye ngazi.

Watu wakajitafutia pa kulala mapema, maana siku ilikuwa imewachosha wote kama kazi ya shamba. Baba Mkubwa hata ngazi hakupanda, alisinzia kwenye kiti miguu ameinyoosha. Mama alilala na mtandio wake usoni. Fundi akajitandikia stoo, kwenye magunia.

Shangazi alipewa kitanda cha Chiriku, wakalala wawili. Alikuwa mtu wa kuongea kwenye giza. Alisema yule kijana tangu mdogo akikasirika hana kelele, anakuwa mpole zaidi, kwa hiyo amwangalie sana akiona upole umezidi. Chiriku akamuuliza, je leo upole ulikuwa wa kawaida au umezidi? Akangoja jibu. Shangazi alikuwa ameshapitiwa na usingizi.

Akabaki peke yake na swali lake. Alirudia maneno ya Fundi kichwani, yale ya kuamini na kutoamini, akiyageuza upande huu na upande ule, atafute kama ndani yake kuna kinyongo kilichofichwa. Mara aone hakuna, mara aone kipo kidogo. Chini, stoo ya kimea, alisikia mtu anakohoa, anageuka juu ya magunia, anageuka tena. Na yeye hajalala, akawaza, naye ananihesabu. Akasikiliza. Mwishowe kukapanda mkoromo, mmoja mrefu, wa mtu asiye na kitu anachokilinda. Chiriku akausikiliza mkoromo ule kwa makini kama anayeukagua, akauona ni wa kweli, akavuta shuka, akalala.